Y Combinator: bei halisi ya dola 500,000

Kila dirisha la maombi linapofunguliwa, tangazo la Y Combinator, programu ya Marekani inayowekeza kwenye startapu changa, huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali wa Dar na Nairobi: dola 500,000, miezi mitatu San Francisco, wahi kabla ya tarehe ya mwisho. Bei haimo kwenye tangazo. Huduma hii inalipwa kwa hisa, na bei yake haifanani kwa kila mtu. Startapu mbili zilizoingia siku moja na kupewa fedha ileile zinaweza kuishia moja imeachia karibu asilimia 9 na nyingine karibu asilimia 20. Tofauti hiyo inatokana na karatasi ambazo waasisi wanasaini baada ya kukubaliwa, kwa hiyo tuanze na karatasi.

Fedha inakuja kwa mafungu mawili, yote kwa mkataba wa SAFE, yaani mwekezaji anatoa pesa leo na kupata hisa baadaye, kampuni itakapofanya raundi yenye bei kamili, yaani kuuza hisa kwa wawekezaji kwa bei iliyokubaliwa. Fungu la kwanza ni dola 125,000 kwa asilimia 7. Gawanya utaona kampuni yako imethaminiwa dola milioni 1.79 hivi, na hapo hakuna mjadala. Kila anayekubaliwa anapewa bei hiyohiyo, awe na mapato au asiwe nayo. Fungu la pili ni dola 375,000, na hili halina bei. Lina sharti moja tu: Y Combinator itachukua masharti bora kabisa utakayompa mwekezaji mwingine yeyote wa SAFE baada yake, kabla ya raundi hiyo ya bei kamili.

Fanya hesabu. Ukiuza SAFE kwa dari ya thamani (thamani ya juu kabisa ya kampuni inayotumika kuhesabu hisa za mwekezaji) ya dola milioni 20, zile 375,000 zinageuka asilimia 1.875, na jumla ya Y Combinator ni asilimia 8.875. Ukiuza kwa dari ya milioni 12, ni asilimia 3.125, jumla 10.125. Sasa weka kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya kwetu: kabla ya Demo Day, siku ya kuonyesha kampuni kwa wawekezaji, fedha inachelewa kufika, rafiki wa familia anajitolea dola 20,000, nawe kwa shukrani unampa dari ya milioni 3. Yeye mwenyewe anapata asilimia 0.67 tu. Lakini dari yake inalivuta lile fungu la pili: 375,000 kugawanya kwa milioni 3 ni asilimia 12.5. Jumla ya Y Combinator inaruka hadi asilimia 19.5 kwa sababu ya dola 20,000. Kama huyo rafiki ni lazima aingie, mwandikie mkataba wake kabla ya kusaini wa Y Combinator, maana sharti linaangalia mikataba inayofuata, si iliyotangulia.

Jambo la pili kwenye karatasi hizi: SAFE ya sasa, iliyoanza kutumika 2018, inahesabu asilimia baada ya kujumlisha SAFE zote. Maana yake wenye SAFE hawamegani wao kwa wao. Anayemegwa ni mwasisi. Ukikusanya dola milioni 2 kwa dari ya milioni 12, umeuza asilimia 16.67. Ongeza 7 na 3.125, zimeondoka karibu 26.8 kabla hata ya raundi A, raundi kubwa ya kwanza ya bei kamili. Raundi A ikichukua asilimia 20, waasisi wote pamoja wanabaki na takriban 58.6, na humo bado hujatenga fungu la hisa za wafanyakazi. Y Combinator pia inabaki na haki ya kununua hadi asilimia 4 ya raundi zinazofuata. Hesabu hii inatakiwa iwe kwenye Excel yako kabla ya kutuma maombi, si baada ya simu ya pongezi.

Je, unachopata kinalingana na bei hiyo? Kwa sehemu kubwa inategemea watu watakaokuhudumia, na hapa Y Combinator ina faida ya kweli juu ya mifuko mingi.

Katika mfuko wa kawaida wa kuwekeza kwenye startapu, kazi ina ngazi. Kijana anaanza kama mchambuzi, anapanda hadi msaidizi, kisha meneja mwandamizi, na baada ya miaka mingi anakuwa mbia. Mtu anayekuandikia LinkedIn na kukuomba takwimu kwa wiki sita mara nyingi yuko ngazi za chini. Anaweza kukukataa, lakini hana uwezo wa kukukubalia. Anakupeleka kwenye kikao cha wabia, na wabia hawajawahi kukuona. Kipato chao nacho kina mpangilio wake: ada ya usimamizi ya takriban asilimia 2 ya mfuko kwa mwaka, na asilimia 20 ya faida. Mfuko wa dola milioni 100 ukirudisha milioni 300, faida ni milioni 200 na mgao wa wabia ni milioni 40. Mfuko kwa kawaida unaishi miaka 10, kwa hiyo mwekezaji anaweza kufanya kazi nusu ya maisha yake ya ajira kabla haijajulikana kama anaijua.

Wabia wa Y Combinator wengi walipita njia nyingine: walianza kwa kujenga kampuni. Paul Graham, aliyeianzisha mwaka 2005 pamoja na Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell, alikuwa ameiuzia Yahoo kampuni yake ya Viaweb mwaka 1998. Garry Tan, mkurugenzi mkuu tangu 2023, alijenga Posterous ndani ya programu hiyohiyo, ikanunuliwa na Twitter mwaka 2012, na baadaye akaendesha mfuko wa Initialized. Jared Friedman alianzisha Scribd. Diana Hu aliiuzia Niantic kampuni ya Escher Reality. Anayekusaili ndiye anayeamua, na jibu kwa kawaida linatoka siku hiyohiyo. Kwa mwasisi aliyezoea miezi minne ya "tutakurudia", thamani ya hilo peke yake ni kubwa.

Lakini hesabu ya faida inawabana na wao. Asilimia 7 ya kampuni inayouzwa dola milioni 10 ni dola 700,000, hata kabla ya kumegwa. Kiasi hicho hakilipii makosa ya kundi lenye kampuni zaidi ya 100. Kinachowalipa ni kampuni chache zilizopita hapo zikawa kubwa mno, kama Airbnb, Stripe, Dropbox na Coinbase. Ndiyo maana mbia wako atakusukuma kila wiki kwenye ukuaji, na atakuwa mkweli akikuambia biashara yako nzuri ya kusambaza vifaa vya saluni Mwanza ni ndogo mno. Biashara hiyo inaweza kumsomesha mwanao hadi chuo kikuu na bado isifae hapa. Ikopee benki, au tafuta mwekezaji anayetaka gawio.

Ndani ya miezi mitatu hakuna darasa kwa maana ya darasa. Kuna vikao vya ana kwa ana na mbia, vikao vya vikundi ambapo kila kampuni inaeleza ilichosema itafanya na ilichofanya, chakula cha jioni chenye mgeni aliyejenga kampuni kubwa, na Demo Day mwishoni. Kati ya vyote, kitu cha thamani kuliko kinavyosifiwa ni Bookface, mtandao wa ndani wa waasisi wote waliopita. Ukitaka kujua mwanasheria gani anaelewa leseni za malipo, au ukihitaji mteja wa kwanza wa programu ya mishahara, unauliza humo na kujibiwa na mtu aliyelifanya. Workpay ya Kenya, MarketForce ya Kenya na NALA ya Tanzania zote zimo kwenye ukoo huo. NALA iliingia mwaka 2019 ikiwa programu ya kutumia pesa za simu bila intaneti, baadaye ikageukia kutuma fedha kutoka Ulaya na Marekani, na mwaka 2024 ikapata dola milioni 40. Mgeuko wa namna hiyo unahitaji watu wa kuuliza.

Udhaifu mkubwa kwetu ni umbali. Wakati wa korona programu ilihamia mtandaoni na kampuni za Afrika zikaongezeka. Iliporudi San Francisco zikapungua sana. Unatakiwa kuwepo. Visa ya B1 inaruhusu mikutano ya kibiashara lakini si ajira, na foleni ya usaili ubalozini haijali tarehe ya kuanza programu. Nauli, pango na chakula vinatoka kwenye fedha ileile. Na kama biashara yako inategemea wewe mwenyewe kuwepo Kariakoo saa 12 asubuhi kupanga mizigo, miezi mitatu itaonyesha wateja wangapi wanabaki usipokuwepo. Huo ni mtihani unaoweza kuufanya mapema bila kupanda ndege: kaa pembeni wiki mbili uone.

Usaili ni wa dakika 10 kwa video. Saa 3 asubuhi ya San Francisco ni saa 2 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 1 usiku wakati wa majira yao ya joto, muda ambao intaneti za mitaani zinaelemewa. Weka mitandao miwili tofauti, kompyuta iliyojaa chaji, na mwenzako akae chumba kilekile. Swali la kwanza karibu daima ni moja: mnafanya nini? Waombaji wengi wanapotezea dakika mbili hapo. "Sisi ni jukwaa la kidijitali linalowezesha mnyororo wa thamani wa wafanyabiashara wadogo" ni sentensi ambayo msikilizaji hawezi kuuliza swali juu yake. Linganisha na hii ya mfano: "Mwenye duka Manzese anaagiza unga na mafuta kwa simu, kesho asubuhi yanamfikia, tunabaki na asilimia 4. Tuna maduka 310." Sasa ana maswali kumi, na yote ni ya biashara yako.

Kosa linaloua maombi mengi ni kuita mzunguko mapato. Kama shilingi milioni 100 zimepita kwenye mfumo wako wa malipo na wewe unakata asilimia 1.5, mapato yako ni milioni 1.5. Andika hivyo. Mbia akigundua mwenyewe dakika ya sita, hatauliza kitu kingine.

Usifungue kampuni Marekani ili uombe tu. Haihitajiki kuwa nayo wakati wa maombi. Ukikubaliwa ndipo utahitaji kampuni mama nje, kwa mfano Delaware (jimbo la Marekani), Cayman au Singapore, na ile iliyosajiliwa BRELA Tanzania au Kenya igeuke tanzu. Kufungua Delaware kwa Stripe Atlas, huduma ya kusajili kampuni mtandaoni, ni dola 500. Kuhamisha hisa za nyumbani ndiko kwenye gharama: Kenya, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, kwa hiyo mhasibu aone mpango kabla hisa hazijathaminiwa upya na uwekezaji. Fomu ya 83(b), ya kuomba Marekani ikutoze kodi kwa thamani ya hisa za siku ulipopewa, ina siku 30 tangu upewe hisa, na siku zikipita hakuna kurudi nyuma.

Kisha inakuja barua ya kodi ya mwaka kutoka Delaware. Kampuni yenye hisa 10,000,000 zilizoidhinishwa hutozwa kwa njia ya idadi ya hisa, na bili inasoma dola 85,165. Usilipe, wala usifunge kampuni. Badili hesabu iwe ya thamani ya kukadiriwa, njia ya pili inayoruhusiwa, inayoangalia mali za kampuni. Kwa kampuni changa kodi mara nyingi hushuka hadi kiwango cha chini cha dola 400, pamoja na ada ya ripoti dola 50, kabla ya Machi 1. Fomu namba 5472 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndiyo isichezewe: kampuni ya Marekani ambayo mgeni anamiliki asilimia 25 au zaidi, na inayofanya miamala na mmiliki huyo au kampuni dada, huijaza kila mwaka, na faini ya kuiacha inaanza dola 25,000.

Kwa kampuni ya programu yenye soko linalovuka mipaka, hasa malipo, mishahara au zana za biashara, tunaona bei inalipa hata ikifika asilimia 11. Techstars, programu nyingine ya aina hii, kwa kulinganisha inatoa dola 220,000: 20,000 kwa asilimia 5 na 200,000 kwa sharti linalofanana na lile la fungu la pili. Hapo Y Combinator ni nafuu. Kwa biashara ya mtaji mkubwa wa maghala na magari, au yenye leseni ya nchi moja inayochukua miaka miwili kupatikana, miezi mitatu ni michache na Demo Day itakukuta huna cha kuonyesha.

Kama uamuzi ni bado, kuna sehemu zisizolipiwa: Startup School (masomo ya mtandaoni kwa waasisi), huduma ya kutafuta mwasisi mwenza, na nakala za SAFE zenyewe, zote ziko wazi kwenye tovuti yao. Waliokataliwa baada ya usaili hupata barua pepe yenye sababu. Ihifadhi, kwa kuwa sasa kuna makundi manne kwa mwaka, na ombi linalofuata litasomwa kwa kuangalia kama sababu hiyo bado ipo.