Pug kwenye tovuti za gesti za Lamu: inapofupisha na inapochosha

Natengeneza tovuti za gesti hapa Lamu, nyingi za Shela na Mkomani, na templeti zangu (violezo vya kurasa) huziandika kwa Pug, lugha ya kuandika HTML, yaani lugha ya kurasa za wavuti, kwa ufupi. Ni ile iliyokuwa ikiitwa Jade, hadi ilipobidi iliache jina hilo kwa sababu lilikuwa alama ya biashara ya watu wengine.

Kilichonivuta ni kwamba ufupisho wake haukutungwa hewani. Ukijua CSS, lugha ya kupamba kurasa, nusu ya safari umeshaimaliza: nukta ni klasi, # ni kitambulisho, na nukta isiyotanguliwa na jina la tagi (alama ya HTML inayozungusha kipande cha ukurasa) inakupa div, yaani kisanduku cha kawaida. Kadi ya chumba ni hivi tu:

.chumba
  h2 Chumba cha juu
  p.bei= bei

Kilichosogezwa ndani kiko ndani, basi. Kijana ninayefanya naye kazi alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, “Kaka, na tagi hizi zinafungwa wapi?” Sasa ndiye anayenuna akirudishwa kwenye HTML ya kawaida. (Angalizo: usichanganye tab na nafasi, itakugomea.)

Kazi huanza maneno yakiwa mengi. Kila lugha ya aina hii lazima iamue kipi kiandikwe bure na kipi kilipiwe alama. Haml, iliyotangulia mwaka 2006, iliamua kuwa mstari mtupu ni maneno, tagi ndiyo itanguliwe na %. Pug ikageuza: mstari mtupu ni tagi, maneno ndiyo yavae |. Andika “Karibu wageni” usahau kijiti hicho, Pug hainung'uniki. Inakuundia tagi iitwayo Karibu, na msomaji kwenye simu anaona “wageni” peke yake.

Tena inameza nafasi. Ukitaka kukoza “kila siku” katikati ya sentensi, ukayapa maneno hayo mstari wao, yatagandana na neno lililotangulia. Dawa ipo, #[strong kila siku] ndani ya mstari uleule, lakini hapo ufupi wenyewe uko wapi?

Linalonikera zaidi ni = na !=, alama za kutoa data kwenye ukurasa. Ya kwanza inazibatilisha alama za HTML kabla ya kuzitoa. Ya pili inazimwaga zilivyo, hata kama mtu kapachika skripti kwenye fomu ya maoni. Alama moja tu! Ningekuwa mimi mbunifu, njia ya hatari ningeipa jina refu la kuchosha vidole.

Kadi za vyumba, menyu, fomu ya kuweka nafasi, bei zinazorudiwa moja moja kwa amri ya each: hapo Pug, bila kusita. Ila ile aya ndefu ambayo kila mwenye gesti huitaka, ya mlango wa kuchonga na dari linalotazama Manda, naiandika kwa Markdown, mtindo wa kuandika maneno ya kawaida kwa alama chache, katika faili lake na kuivuta kwa include:markdown-it. Sakinisha kwanza kichujio chake, hakiji na Pug.