Uzoefu wangu wa kubadilishana vipandikizi: kazi kubwa ni ya anayetuma

Nianze na hukumu, kwa anayetaka kujua tu kama inafaa: inafaa, tena sana, kwa mmea wowote unaoshika kwa tawi au kwa jani. Kipandikizi, yaani tawi au jani lililokatwa ili lioteshwe, ni mmea ule ule wa mama yake, rangi ile ile na ua lile lile, ilhali mbegu ya waridi haikuhakikishii chochote. Tawi ambalo mwenzako angelitupa kwenye mboji baada ya kupogoa linakuwa mmea kamili kwako, na lako linakuwa mmea kwake. Kasoro ya utaratibu huu haiko kwenye kuotesha. Iko kati ya kisu na chungu, katika siku mbili tatu ambazo kipandikizi kinasafiri bila mizizi, hakinywi, lakini kinazidi kupoteza maji kwa majani. Vinavyofika vimekufa mara nyingi havikukauka. Vimeoza, kwa sababu aliyevifunga alivionea huruma akavitia maji mengi.

Kabla ya kukubaliana, uliza unatumiwa nini hasa. Neno "kipandikizi cha monstera", ule mmea wa ndani wenye majani makubwa yaliyochanika, linaweza kuwa na maana tatu. Linaweza kuwa ncha ya mmea yenye jicho la kukua na vifundo viwili. Linaweza kuwa kipande cha shina chenye kifundo kimoja na jani. Au likawa jani tupu na kikonyo chake. La tatu ndilo linaloumiza watu. Jani hilo ukilitia majini litatoa hata mizizi, litakaa kijani miezi mingi, na halitachipua kamwe, kwa kuwa kikonyo hakina jicho. Hoya kerrii, ile yenye jani la umbo la moyo, ni vivyo hivyo: jani moja lililopandwa peke yake hubaki jani miaka na miaka. Kwa hiyo mimi siombi picha ya majani, naomba picha ya shina. Kifundo kinaonekana kama pete au kovu linalozunguka shina mahali jani lilipoota, na juu yake kidogo kuna kinundu: hilo ndilo jicho. Pasipo kinundu hicho, usikubali.

Mimea yenye mabaka meupe inataka uangalifu wa pekee. Kipande chenye majani meupe matupu hakina klorofili ya kujilisha, kitakufa hata ukitunze vipi. Kipande cha kijani kitupu nacho huenda kisirudishe mabaka. Tafuta shina lenye mistari ya rangi zote mbili inayopita kwenye jicho lenyewe. Sansevieria, ile yenye majani marefu kama panga, ikiwa na ukingo wa njano ina mtego wake: ukikata jani lake vipande na kuviotesha, watoto wanatoka kijani bila ule ukingo. Anayeitaka na ukingo wake aombe mtoto aliyegawanywa kutoka kwenye shina la chini ya udongo. Kinyume chake kuna Saintpaulia, ua dogo la milima ya Usambara, ambalo naona ndilo rahisi kuliko yote kubadilishana. Jani moja la umri wa kati, kikonyo kimekatwa mshazari kikabakizwa sentimita 2 hadi 4, linatosha kutoa vimche kadhaa baada ya miezi miwili au mitatu.

Kuhusu usawa, kanuni ninayoifuata ni vipandikizi viwili visivyo na mizizi kwa kimoja kilichoshika. Aidha, natuma vipande vitatu vya kila aina hata kama tumekubaliana kimoja. Havishiki vyote, na kumwachia mwenzako nafasi moja tu si haki.

Ukataji. Mwagilia mmea mama jioni, kata asubuhi mapema ukiwa umejaa maji. Chagua tawi lisilo na ua wala tumba, kwa sababu ua hula akiba ambayo ingekwenda kwenye mizizi. Kwa matawi laini urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha, ukikata chini ya kifundo kwa nusu sentimita hivi, kwani mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani ya nusu ya chini, bakiza mawili au matatu juu. Majani mapana kama ya haidrenja yakate nusu kwa mkasi. Yanaonekana vibaya lakini yanapunguza maji yanayopotea. Miti inayopukutisha majani, kama mtini na mzabibu, ikate ikiwa imelala, vipande vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25. Hapa kuna desturi ya wazoefu ambayo natamani kila mtu angeishika: upande wa chini kata kwa kukatiza shina moja kwa moja, upande wa juu kata mshazari. Kijiti kisicho na majani hakijulikani kichwa wala miguu, na kikipandwa kichwa chini mara nyingi hakishiki.

Kisu kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohama mmea. Spiriti haitoshi kwa virusi vya mozaiki ya tumbaku, ambavyo hushambulia hata petunia na hukaa kwenye kisu na mikononi. Kwa hivyo kuna njia ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta: gramu 200 kwa lita moja ya maji, chovya kisu kabla ya kila mkato. Inashangaza lakini inafanya kazi, protini ya maziwa huvizuia virusi visiambukize.

Sasa ufungaji. Chukua karatasi ya jikoni, ikunje mara mbili iwe ukanda, ilowanishe, halafu ikamue kwa ngumi mpaka isitoe tone hata moja. Haitoshi iache kudondoka tu; ikamue kweli. Izungushe sentimita 3 au 4 za chini za shina, funika ukanda huo tu kwa plastiki, ufunge kwa uzi. Sehemu ya majani iwe kavu kabisa, bila tone la umande. Ikiwa asubuhi ilikuwa na ukungu, acha kipandikizi kivulini nusu saa kikauke juu. Kisha viringisha chote kwenye gazeti kavu, kiweke ndani ya boksi gumu, ujaze nafasi kwa karatasi mpaka ukitikisa husikii kitu kikigonga. Jani lililovunjika njiani ni mlango wa kuvu la kijivu, na kuvu hilo likianza gizani huhitaji siku mbili tu kugeuza kifurushi uji.

Kuna wanaotia kila kitu ndani ya mfuko uliozibwa na maji chini, wakitoa mfano wa masanduku ya kioo ya Nathaniel Ward, daktari wa London, aliyesafirisha mimea hadi Sydney mwaka 1833 ikafika hai. Mfano ni wa kweli ila haulingani. Mimea ya Ward ilikuwa na mizizi, udongo na mwanga safari nzima. Kipandikizi kwenye boksi hakina hata kimoja cha hivyo.

Kakti na mimea yote yenye majani manene haifungwi kwa unyevu hata kidogo. Iache kidonda chake kikauke kwanza siku 3 hadi 7 mpaka kiote ngozi, ndipo uviringishe kwenye gazeti kavu; inastahimili hata wiki mbili namna hiyo. Pelagonia nayo haipendi ukanda wa maji, shina lake huwa jeusi upesi. Mimea yenye utomvu mweupe kama yuforbia ioshe mpaka utomvu ukome, na uvae glavu, maana huunguza ngozi na ni hatari kwa macho. Mwandikie mpokeaji onyo hilo.

Jina liandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye unyevu, na nikipokea kibandiko chenye doa la buluu sina njia ya kujua kama ni begonia gani. Andika jina la kisayansi, tarehe ya kukata, na neno moja: "laini" au "gumu". Tuma mwanzoni mwa wiki kifurushi kisilale ghalani Jumapili, na usiweke tunda lolote ndani kama zawadi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na ethilini huangusha majani.

Upande wa kupokea ni mfupi kueleza lakini ndiko wengi wanakojiponza. Fungua siku hiyo hiyo. Kata sentimita moja ya chini kwa kisu safi, loweka saa moja au mbili, isipokuwa kakti na jamii yake. Kisha karantini: chumba kingine, mbali na mimea yako, wiki 4. Nasisitiza wiki 4 kwa sababu mayai ya vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani, hutagwa ndani ya jani, huyaoni wala sabuni haiyafikii, na kwenye joto la nyuzi 25 wadudu wa kizazi kipya huwa wamekomaa ndani ya wiki mbili au tatu. Anayetoa mmea karantini siku ya kumi anatoa wadudu ambao bado hawajakomaa. Kila siku chache piga majani juu ya karatasi nyeupe: vithiripi huanguka kama vijiti vyembamba vinavyotembea, utitiri kama vumbi linalosogea. Vidung'ata, wale wenye unga kama pamba, tafuta kwenye pembe kati ya kikonyo na shina. Ukiona wadudu, osha chini na juu ya majani kwa maji yenye sabuni laini ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, rudia kila siku 5 mara tatu. Ukiona mabaka ya njano yasiyo na mpangilio na majani yaliyojikunja, shuku virusi. Hakuna dawa ya kupulizia, choma. Marando ya viazi vitamu na pingili za muhogo hubeba magonjwa ya namna hiyo kutoka shamba hadi shamba, nami hukataa kuyapokea bila kuona picha ya mmea mama mzima.

Kuotesha kwenyewe nitapita haraka. Nusu perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mawe, na nusu unga wa makumbi ya nazi, bila mbolea, bila udongo wa bustani. Unga wa homoni wenye IBA, homoni ya kuchochea mizizi, unasaidia waridi na rozmeri, kwa mnanaa ni kupoteza tu. Kwa matawi laini nguvu ya asilimia 0.1 inatosha, kwa magumu 0.3, kung'uta unga uliozidi, kwa sababu ukiwa mwingi huunguza. Usichovye kipandikizi cha mgeni ndani ya kopo la homoni. Mimina kidogo pembeni, ukimaliza tupa kilichobaki, la sivyo ugonjwa wa kimoja unaugawia vyote vijavyo. Funika kwa mfuko usiogusa majani, penye mwanga wa kutosha pasipo jua la moja kwa moja, ufunue dakika chache kila siku. Ukiotesha majini, hamisha mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5. Ile mizizi ya majini ni miepesi kuvunjika, na udongo lazima ubaki na unyevu wiki mbili za kwanza ili iote mingine.

Kuna vitu sibadilishani. Aina mpya za waridi na maua mengine zenye kibandiko cha kukataza kuzalisha. Katika nchi nyingi hulindwa kisheria, mara nyingi miaka 20. Mimea inayovamia, kama gugu maji na lantana, hata ikiombwa kwa bidii. Na situmi chochote kuvuka mpaka bila cheti cha afya ya mimea, ule utaratibu unaotokana na mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea wa 1951. Kwa kakti na okidi huongezeka pia masharti ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bahasha ndogo yenye tawi moja inatosha kuingiza mdudu ambaye nchi nzima haikuwa naye.

La mwisho ni muda, maana malalamiko mengi dhidi ya watumaji huja mapema mno. Mnanaa na mrihani hutoa mizizi majini ndani ya wiki moja au mbili, potosi, ule mmea wa ndani unaotambaa, wiki mbili hadi nne, waridi na rozmeri wiki nne hadi nane. Vijiti vya mtini vinaweza kutoa majani kwanza kwa akiba ya ndani kabla ya kuwa na mzizi hata mmoja, kwa hiyo jani jipya si ushahidi, na usivivute kujaribu kama vimeshika. Na kijiti kikionekana kikavu, kikwaruze ganda kwa ukucha karibu na chini kabla ya kumwandikia mwenzako kwamba amekutumia kuni. Rangi ya kahawia na kukauka hadi ndani, kimekufa. Ukikuta kijani chenye unyevu, kirudishe kivulini.