Tahadhari: wauza sindano za kuyeyusha mafuta ya kidevu, usitume pesa kabla shingo yako haijaguswa

Jamani, naandika haya huku mdomo wangu bado unaenda upande nikicheka. Kama unafikiria kupunguza mafuta ya chini ya kidevu na shingo, soma kwanza kabla hujatuma hata kianzio.

Kidevu cha pili kimenisumbua miaka mingi. Hata nikipungua mwili, chenyewe hakiondoki. Nilikuwa naulizia laiposaksheni, ule upasuaji wa kunyonya mafuta, ndipo tangazo likanikuta: "Ukatwe kwa nini? Sindano tu, dakika ishirini, kesho uko kazini." Nikawaandikia. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Wakaomba picha moja ya upande, nikatuma, na muda si muda nikaambiwa "unafaa kabisa", zimebaki nafasi tatu, ofa inaisha usiku wa leo. Nikalipa.

Hapo ndipo nilipopigwa, hata kabla ya sindano. Picha haiwezi kusema kilichoko chini ya kidevu chako ni nini. Huenda ni mafuta kweli. Huenda ni ngozi iliyolegea, na hiyo ukiitoa mafuta ndiyo itaning'inia zaidi. Huenda mafuta yenyewe yako chini ya ule msuli mwembamba unaofunika shingo, ambako laiposaksheni ya kawaida haifiki. Huenda kidevu kimeingia ndani tu, au tezi ya shingo imevimba na unahitaji matibabu mengine kabisa. Kwenye simu vyote hivyo vinafanana.

Chumba kilikuwa nyuma ya saluni. Dada aliyevaa koti jeupe alitoa kichupa kwenye mkoba wake wa mkononi. Nikaomba nikione. Lebo ilikuwa imebandikwa juu ya lebo nyingine, kona yake imeinuka, na ukiitazama kwa karibu unaona herufi za ile ya chini zikichungulia. Hapakuwa na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. "Ni mchanganyiko wa asili," akasema, na bomba la sindano lilikuwa limeshajaa. Nilitakiwa niinuke pale pale. Lakini nimeshalipa, na nikaona aibu kumwambia mtu kwamba simwamini.

Uongo huu unauzika kwa sababu dawa halali ipo. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha asidi ya deoksikoliki kwa ajili ya mafuta ya chini ya kidevu. Hiyo huchomwa na mtaalamu wa afya. Kwanza ngozi huwekwa nukta zilizoachana sentimita moja, kila nukta hupewa kiasi kidogo sana, na mstari wa taya huepukwa kwa sababu karibu na hapo hupita neva inayoshusha mdomo wa chini. Ikibidi kurudia, hupita angalau mwezi. Mamlaka hiyo hiyo imeshaonya juu ya sindano zisizoidhinishwa zinazouzwa mtandaoni, kwamba zimewaachia watu makovu ya kudumu, maambukizi mabaya na vinundu vyenye maumivu. Mimi sikuwekwa nukta hata moja. Alichoma kwa kukadiria, akifuata taya upande wa kushoto kama mtu anayeshona pindo.

Usiku ule shingo ilivimba mpaka nikashindwa kuinamisha kichwa. Siku ya tatu nilikuwa napiga mswaki. Nikasukutua, maji yakanitoka pembeni mwa mdomo, yakachuruzika hadi kifuani. Nikajitazama kwenye kioo nikacheka makusudi. Mdomo wa chini ulishuka upande wa kulia, kushoto haukutikisika. Vinundu vilikuja baadaye, vigumu, kama punje za mahindi zilizokwama chini ya ngozi.

Niliporudi kwao walinijibu kwamba mwili unapambana na mafuta, nilipie dozi ya pili. Nikakataa. Ndipo wakaniuzia kingine: laiposaksheni "ya kurekebisha", chumba kile kile, dada yule yule, kwa ganzi tu.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Laiposaksheni kwa ganzi si uzushi. Daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, aliibuni mbinu hiyo mwaka 1985: mahali panajazwa maji yenye dawa ya ganzi iliyozimuliwa pamoja na adrenalini, inayobana mishipa ili damu isitoke nyingi. Lakini ganzi ile hupimwa kulingana na uzito wako. Ikizidi inashambulia ubongo na moyo, kwa hiyo lazima awepo anayejua dalili na mwenye vifaa vya kukuokoa. Aliyeshindwa kuniambia kilichomo kwenye kichupa kimoja ataipimaje? Na hiyo "kesho uko kazini" usiiamini hata kwa laiposaksheni ya halali. Kuna kufungwa bandeji ya kubana, kuna michubuko na uvimbe wa wiki kadhaa, na shingo huchukua miezi kutulia.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji. Alikaa mbele yangu, akaibana ngozi ya chini ya kidevu kwa kidole gumba na cha shahada. Akaniambia niume meno na kukaza shingo, akabana tena. Akaweka vidole kooni akaniambia nimeze mate, kuona kama tezi ina shida. Ilichukua muda mfupi tu. Mafuta ya juu ya msuli, akasema, ni machache, mengi yako chini yake, na kidevu changu kimerudi nyuma kidogo. Laiposaksheni peke yake isingenisaidia. Yaani sindano zile, hata zingekuwa za kweli, zilikuwa kwa mtu mwingine, si mimi! Kwa sasa hataki kunigusa kwa kisu mpaka vinundu vilainike. Kuhusu neva, alisema wengi hurudi sawa baada ya wiki au miezi. Nasubiri.

Kama umeshachomwa na unapata shida kumeza au kupumua, una homa, au ngozi inageuka nyeusi au kutoa usaha, nenda hospitali leo, na kama una kichupa au picha yake nenda nayo. Usiwaulize waliokuuzia.

Jina la ukurasa wao siliweki kwa sababu wameshalibadilisha mara mbili tangu waniblok. Watambue kwa picha zao za kabla na baada. Kwenye "kabla" mwanamke ameinamia simu, mwanga unatoka juu, nywele zimemwagika mabegani. Kwenye "baada" amesukuma kidevu mbele, nywele zimefungwa, na taa iko usoni. Jaribu mwenyewe kwenye kioo, utaona kidevu kinapungua bila sindano. Amevaa hereni za lulu, na ya kushoto imepinda. Ukiiona hereni hiyo, ni wao.