Kozi ya waigizaji wanaotaka kuandika na kuongoza filamu, maoni yangu baada ya wikendi mbili

Jina silitaji, wenye kujua washajua, ni ile iliofanywa huku Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, 6,000 kwa kichwa. Mimi ni mwigizaji, miaka saba nazunguka mashule na michezo ya setibuku, basi nikajiambia mtu ashajua kuigiza, kuandika na kuongoza kutamshinda nini? Kumbe.

Mwalimu wa skripti kazi yake aijua wallahi. Nlimpelekea sini yangu, yaani kipande kimoja cha filamu, kurasa nne, kijana karudi kutoka Saudia akuta babake ashazikwa, yuko jikoni na mamake wanaongea weee. Akaniambia ukurasa mmoja kwenye skrini ni kama dakika moja, sasa wewe wataka watu wakae dakika nne wakitazama wawili wakiambiana mambo ambayo wote washayajua? Akashika kalamu akakata, akakata, nikabaki na mistari mitatu na mama anayetenga vikombe vitatu vya chai, anavitazama, kimoja akirudisha kabatini. Roho iliniuma, yale maneno nlikuwa nshayaigiza kichwani hadi machozi. Usiku nikaisoma tena nikaona ana haki. Jukwaani pale Little Theatre mtu wa nyuma kabisa hakioni kikombe, lazima umwambie kwa mdomo, lakini kamera yakiona.

Kuongoza ndo kuliniabisha. Kila mwigizaji akikosea mimi namwonyesha, "sema hivi", mpaka mwalimu akanivuta kando, we bado waigiza, muulize yuataka nini kwa mamake, usimpe sauti yako. Na mara mbili nlisahau kusema kat, lile neno la kusimamisha kamera, kwa sababu midomo yangu ilikuwa yafuata mistari yao!

Sasa lawama. Kamera moja watu 16, jamani. Hesabu mwenyewe mtu ataishika dakika ngapi. Maiki ya maana hakuna, walitegemea ile ya kamera, na madirisha wazi kwa sababu ya joto, adhana tukaingoja ikaisha sawa, lakini kunguru wa Mombasa utawangoja mpaka lini? Sini yangu ya msiba ina kunguru watatu na honi ya tuktuk. Lanchi walisema pilau, tukapata chai na mahamri mawili. Cheti mpaka leo naambiwa kesho.

Halafu tangazo lao lilisema utatoka na filamu yako. Hakuna aliyetoka nayo. Tena walibandika picha ya Chiwetel Ejiofor, yule aliyeandika na kuongoza ile filamu ya 2019 ya kijana wa Malawi na kinu cha upepo na bado akacheza baba mwenyewe, kana kwamba ukilipa 6,000 nawe ushafika. Afadhali mwalimu alisema ukweli, kwamba huyo alikuwa keshaigiza zaidi ya miaka 20, na kabla ya hiyo ndefu alianza kuongoza fupi fupi. Hilo lingekuwa kwenye tangazo ningelipa bila kinyongo.

Skripti nawapa 9 kwa 10, kamera 4, chakula tunyamaze. Wakiweka wikendi ya skripti peke yake kwa 3,000 mimi narudi, viazi karai vyangu nanunua njiani.