Uzoefu wangu na Nikon L35AF, kamera ya mkanda inayokula betri za saa ya ukutani

Ukiulizia leo kamera ndogo ya mkanda (filamu) yenye fokasi otomatiki, yaani inayojilenga yenyewe, majina utakayotajiwa ni yale yale: Contax T2, Olympus mju II, na Leica Minilux kwa wenye nazo. Mimi nimeishia kwenye Nikon L35AF, plastiki nyeusi ya mwaka 1983, nzito kiasi na ina kelele, na kwa matumizi yangu hapa Dar es Salaam siibadilishi. Sifa zake nyingi zimeshaandikwa na watu wa Ulaya na Japani. Ila wao hawanunui betri kwa Mangi wa duka la mtaani, wala hawampigi shangazi yao picha saa saba mchana ufukweni Coco.

Jambo la kwanza nililoamua ni kwamba sitaki zumu, ile lenzi ya kuvuta kitu karibu. Lenzi za zumu za kamera ndogo za miaka ya tisini huwa na giza. Ukiivuta mpaka mwisho, flashi inaanza kudai kazi hata sebuleni mchana. Nilitaka lenzi moja, ya kawaida, isiyomvimbisha mtu pua. Fremu ya mkanda wa milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, kwa hiyo mshazari wake ni milimita 43 na ushee, na lenzi yenye urefu wa fokasi wa karibu na hapo ndiyo huhesabiwa kuwa ya kawaida; namba ikipungua, lenzi inaona eneo pana zaidi. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi zilizoea 50. Hizi ndogo zilishuka: Konica C35 AF ya 1977, iliyotangulia zote sokoni kwa fokasi otomatiki, ilikuja na 38. T2 ni 38 vilevile, Minilux ni 40, mju II na hii Nikon ni 35.

Kwa hiyo ndiyo, 35 ni pana kuliko nilivyotaka. Ningepata 40 kwa bei ya binadamu ningeichukua. Nimejizoesha kumpiga mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, simsogelei zaidi ya hapo; na hata ukitaka, lenzi haikubali chini ya sentimita 80.

T2 nimeishika, ya rafiki. Ni kitu kizuri, sitasema uongo: mwili wa titani, lenzi ya Sonnar, unachagua mwenyewe ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga kwa kuzungusha pete. Lakini tangu Kendall Jenner aizungumzie kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2017 bei yake imekimbia, na kwa fedha ya T2 moja unanunua L35AF kadhaa ukabaki na ya mikanda. Mju II nayo ni nyepesi ajabu, gramu 135, inastahimili manyunyu. Shida yangu nayo ni tabia: kila ukiifunga na kuifungua, flashi inarudi kwenye otomatiki, na kasi ya mkanda (ISO, yaani wepesi wake wa kushika mwanga) inajisomea yenyewe kwenye kopo bila kukuachia nafasi ya kubisha.

Halafu zote hizo zinatumia betri ya CR123A. Itafute betri hiyo Jumapili jioni Mbagala, au ukiwa kijijini Kilwa. L35AF inameza AA mbili, zile za saa ya ukutani, ambazo hakuna duka la mtaani lisilokuwa nazo. Mtu aliye Hamburg anaweza kuona hiki ni kijisababu kidogo. Kwangu kilimaliza nusu ya mjadala.

Nusu nyingine ni ngozi zetu na jua letu. Kipima mwanga cha kamera hizi kinachukua wastani wa kilichopo mbele yake. Msimamishe mtu mweusi mbele ya bahari inayometa au ukuta wa chokaa, kamera inaona mwanga tele, inapunguza, na mtu wako anatoka kivuli chenye meno. L35AF ina dawa mbili. Pembeni mwa lenzi kuna kidude cha kushusha kwa kidole. Ukikishikilia huku unabonyeza kitufe, picha inapata mwanga mara nne zaidi. Na ISO unaiweka kwa mkono, kwenye pete iliyopo mbele ya lenzi. Mkanda wa 200 mimi nauweka 100 moja kwa moja, siku zote, bila kufikiri, ili kamera idhani mkanda ni mzito na iupe mwanga zaidi. Mikanda ya rangi haidhuriki kwa mwanga wa ziada kiasi hicho, na nyuso zinatoka na sura zake. Angalizo tu: toleo la kwanza, ambalo ndilo langu, linaishia ISO 400. La baadaye walilifikisha 1000.

Ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni sindano. Ndani ya dirisha la kutazamia, upande wa chini, kuna michoro midogo ya watu na mlima, na ukibonyeza kitufe nusu, sindano inasogea kuonyesha kamera imelenga umbali gani. Hapo ndipo unajua. Wapige watu wawili waliokaa na nafasi katikati yao: alama ya kulenga inapita penye nafasi, fokasi inaenda ukutani nyuma, na kwa kamera isiyokuambia kitu, kosa utaligundua siku ya kusafisha mkanda. Kwa hii, nikiona sindano imekimbilia mlimani wakati mama mkubwa amekaa hatua tatu mbele yangu, namlenga yeye kwanza, nashikilia kitufe nusu, narudisha fremu ninapotaka, namalizia.

Fokasi yenyewe inafanya kazi kwa kutuma miale ya infraredi na kupima inavyorudi, kwa hiyo gizani haina tatizo, ila kioo kinaidanganya. Kwenye treni ya SGR ya kwenda Morogoro, milima ya Uluguru iko kule, sindano imeganda kwenye alama ya mtu. Nikiishika kamera kwa mshazari kidogo na dirisha, mara nyingi inakubali.

Kelele ni ya kweli. Mota inayovuta mkanda inasikika safu ya tatu kanisani, na kwenye nikahi ilinigeuzia shingo za watu wazima. Flashi nayo inaruka yenyewe mwanga ukipungua. Nimezoea kuizuia kwa kidole, kamera inaendelea kupiga kwa kasi ndogo, na hapo uegemee nguzo, kwa sababu inashuka mpaka moja ya nane ya sekunde.

Lenzi? Vipande vitano vya kioo katika makundi manne, tundu likifunguka lote ni f/2.8, na kwa picha za kawaida sijaona cha kunifanya nimwonee wivu mwenye Contax. Kingo za picha kwenye mwanga hafifu zinalegea kidogo. Sipigi picha za kuta za matofali kupima lenzi, kwa hiyo sijali.

Mikanda ya rangi napeleka studio; kuna moja iliwahi kunikwaruzia mkanda mzima, nikahama. Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe nyumbani. Jedwali la dawa ya kusafishia limeandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba letu hayajawahi kuzifikia hizo nyuzi. Naweka mifuko ya barafu kwenye beseni, nashusha taratibu mpaka 24, kisha napunguza muda kufuatana na jedwali.

Ukitaka kuinunua, mtake muuzaji akurekodie video: aweke betri, abonyeze nusu akiwa ameelekeza kitu cha karibu kisha cha mbali, uone mdomo wa lenzi unakaa tofauti. Mwambie afungue mlango wa nyuma akuonyeshe sponji za kingo. Kwa umri huu huwa zimekuwa ulojo mweusi unaopitisha mwanga. Hilo siyo la kukukimbiza, fundi anazibandua kwa spiriti na kuweka utepe wa kitambaa cheusi, lakini lipunguzwe kwenye bei. Chumba cha betri kikiwa na ukungu wa kijani kwenye chuma, hapo achana nayo, subiri nyingine. Zilitengenezwa nyingi.