Tandiko la Karatasi katika Kizimba cha Jebili: Harufu Inadhibitiwa kwa Kiasi Gani?

Kwa muda wa miezi 3 nimetumia tandiko la karatasi iliyosagwa, lisilotiwa manukato, katika kizimba cha kioo wanamoishi jebili wawili, wale panya wadogo ambao asili yao ni nyika kavu za Mongolia na kaskazini mwa China. Nililinunua kwa sababu ya harufu, na kwa harufu ndiyo nitakavyolipima.

Jebili kwa kweli si mnyama wa kunuka. Figo zake hubana maji kiasi kwamba mkojo wake ni matone machache mazito, na kinyesi chake ni vipunje vikavu. Harufu inayochoma pua ni ya amonia, ambayo hutokea bakteria wanapoivunja urea iliyomo katika mkojo, nao bakteria hao hustawi penye unyevu. Hapo ndipo karatasi inapoonyesha ubora wake, kwani hufyonza mkojo upesi kuliko maranda niliyoyatumia awali, na sehemu iliyolowa hushikamana ikawa donge linaloondolewa kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, maelekezo ya pakiti yalinipotosha mara mbili. Kwanza, yalipendekeza tabaka jembamba. Nilipoweka sentimita 5 harufu ilijitokeza kabla ya juma kwisha, lakini nilipofikisha sentimita 25, nikachanganya na nyasi kavu ili mashimo yao yasibomoke, nilikaa karibu majuma matatu bila kusikia chochote. Pili, yaliagiza tandiko lote libadilishwe kila juma. Nilitii, na wanyama wakahangaika, wakawa wanasugua matumbo yao kwenye kila kitu, maana jebili ana tezi ya tumboni anayoitumia kutia alama ya harufu katika makazi yake. Usafi uliopita kiasi unamlazimu aanze upya, na jebili waliozoeana wanaweza hata kupigana wanapopotewa na harufu wanayotambuana kwayo. Sasa naondoa pembe wanayokojolea na takriban theluthi moja ya tandiko, nafuta kioo kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, na kiota sikigusi.

Katika mwezi wa pili uvundo ulirudi ghafla, nikalilaumu tandiko bila haki: chupa ya maji ilikuwa ikivuja usiku, na tabaka la chini lilikuwa limeloa chapachapa. Hakuna tandiko litakalofidia chupa mbovu, wala kipande cha tango kilichofukiwa na kuanza kuoza.

Mtengenezaji huyo anauza pia aina yenye manukato, ambayo nashauri iachwe dukani. Manukato hayaondoi amonia, bali humfumba pua mwenye nyumba ilhali mnyama anaendelea kuivuta, na yenyewe yanaweza kumwasha njia ya hewa. Maranda ya mwerezi nayo yananukia vizuri kwa sababu hiyohiyo isiyofaa, yaani mvuke wa kemikali zake, na kwa wanyama hawa si salama.

Dosari iliyobaki ni vumbi. Pakiti inadai kwamba halina, lakini kila ninapolimimina hutanda wingu jepesi juu ya kizimba, kwa hiyo nimezoea kulikung'utia nje na kusubiri litulie kabla ya kuwarudisha wenyewe.