Kisanduku cha bastola cha fundi wa Katuba: miezi minane chini ya kiti cha Prado yangu

Nimelipa dola 70 kwa kisanduku hiki, na dola 10 juu yake kwa kukifunga ndani ya motokari. Kimetengenezwa na fundi wa kuchomelea wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni milango na madirisha ya chuma. Kiko chini ya kiti cha abiria cha mbele tangu mwezi wa tatu. Nimekifungua na kukifunga karibu kila siku ya kazi, katika vumbi la kiangazi na sasa katika mvua, kwa hiyo naweza kukisema kwa haki.

Mimi ni mama wa biashara. Nina mashine ya kusaga na depo ya unga hapa Lubumbashi, na shamba la mahindi kwenye barabara ya Kasenga. Siku za kulipa wakulima nabeba pesa, na ndiyo sababu nina bastola: Browning 1910 ya risasi za milimita 7,65, kazi ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, ndogo, ya risasi saba. Kibali ninacho, kwa jina langu na kwa namba ya silaha. Asiye na kibali asianze na kisanduku, aanze na karatasi. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamhusu na yeye.

Kwa miaka miwili niliiweka vibaya. Naeleza wazi kwa sababu najua wengi bado wanafanya hivyo hivyo. Nilikuwa naifunga kwa kitambaa na kuisukuma chini ya kiti changu. Siku moja mwezi wa pili, nikirudi kutoka shambani, basi dogo mbele yangu lilisimama ghafla kuchukua abiria. Nikakanyaga breki. Kitambaa kilibaki kule nyuma, bastola ikateleza mpaka kwenye pedali. Nilipoinua mguu nikanyage mara ya pili, nilikuta chuma chini ya kisigino. Nilisimama hatua mbili nyuma ya basi lile, na nikabaki pale mikono ikitetemeka mpaka watu wakaanza kupiga honi.

Hata hilo halikunitosha. Nikaihamishia kwenye mfuko wa mlango. Wiki mbili baadaye nilipeleka Prado kuoshwa, nikaketi kivulini na simu yangu. Kijana aliyekuwa anasafisha ndani akaja kwangu akiishika kwa vidole viwili, kidole kimoja ndani ya kikingio cha kifyatuo, mtutu ukielekea tumboni mwake. Akaniambia kwa heshima, "Mama, umesahau hii mlangoni." Alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Risasi ilikuwa ndani ya chemba, pale inapofyatuliwa. Usiku ule sikulala.

Kwanza nilikimbilia kitu cha kununua. Niliagiza kutoka ng'ambo kisanduku kinachofunguka kwa alama ya kidole, chenye waya wa chuma wa kukifunga kwenye mguu wa kiti. Sitaji jina la aliyekiuza. Vidole vya mtu anayeshinda kwenye unga havina alama ya kusomeka: mashine ilinikataa mara tatu katika kila tano. Wakati wa kiangazi, ngozi inapopasuka kwa baridi ya asubuhi, ingekuwa mbaya zaidi. Kilichonivunja moyo kabisa ni bati lake. Nilikifunga kikiwa tupu, nikampa mpwa wangu bisibisi bapa, nikamwambia afungue. Hakumaliza dakika moja. Aliingiza ncha pembeni mwa kifuniko, akakunja, kikafunguka kama kopo la sadini. Waya wenyewe, mwembamba kama kalamu, koleo la kukatia chuma liliukata kwa mkono mmoja. Bado kisanduku kama hicho kinaizuia bastola isiteleze, na kinazuia mkono wa mtoto. Mwizi mwenye bisibisi hakimzuii.

Ndipo nikaenda Katuba. Fundi hakuwa amewahi kutengeneza kitu cha namna hii, na alisema hivyo mwenyewe, jambo lililonifanya nimwamini. Tulichora kwa chaki sakafuni. Bati la milimita 3, urefu sentimita 28, upana 20, kimo 7. Bawaba nilitaka ziwe ndani, kwa sababu bawaba ya nje ina pini, na pini hupigwa kwa nyundo ikatoka. Kufuli nilitaka iwe ya kuzama ndani ya kifuniko. Kadena, yaani kufuli ya kuning'inia, inamwonyesha mwizi mahali pa kushika, na inagonga gonga njia nzima. Midomo ya kifuniko aliikunja ikaingia ndani ya sanduku, hivyo bisibisi haina pa kuanzia. Mpwa wangu alipewa tena bisibisi ile ile, na nusu saa. Alikwaruza rangi tu.

Kuhusu kukifunga, hapa ndipo ninapomsifu fundi zaidi, maana alikataa nilichomwomba. Nilitaka akichomelee moja kwa moja kwenye sakafu ya motokari. Akapiga magoti, akamulika chini ya kiti kwa simu, akanionyesha nyaya zenye soketi ya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya ajali. Akasema, "Mama, moto wa kuchomelea hapa unaweza kuua kompyuta ya motokari. Na chini ya sakafu kuna mabomba ya mafuta na ya breki." Badala yake alitengeneza mabano mawili ya chuma kwenye karakana, akayashika kwa bolti zile zile zinazoshika kiti, bila kutoboa tundu lolote. Nati za kufunga kisanduku kwenye mabano ziko ndani ya kisanduku chenyewe, kwa hiyo kikiwa kimefungwa hakuna spana inayozifikia. Atakayefanya kazi hii ahakikishe bolti za kiti zimekazwa kama zilivyokuwa kiwandani, kwa sababu ndizo zinazomshika abiria siku ya ajali.

Prado yangu ilitoka Japani, usukani uko kulia, kwa hiyo kiti cha abiria kiko upande wa kushoto, upande wa katikati ya barabara. Wengine waliniuliza kwa nini sikukiweka karibu na mkono wangu. Nawajibu kwamba kisanduku si mahali pa kuchomoa bastola ukiendesha. Ninapokuwa njiani na pesa, bastola iko kiunoni, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatuo chote, na chemba iko tupu. Browning 1910 ni bastola ya zamani; haina kizuizi cha ndani kinachoshika pini isipige risasi bastola ikipata kishindo kikubwa, na mashimo ya barabara ya Kasenga kila mtu anayajua. Mwenye bastola ya kisasa atafuata maelekezo ya bastola yake. Lakini kwangu bastola ina makao mawili tu: ndani ya ala mwilini, au ndani ya chuma kilichofungwa. Kisanduku cha dashibodi, mfuko wa mlango, mkoba juu ya kiti, sumaku chini ya usukani, vyote nimevikataa. Sumaku hasa inanitia hofu: kifyatuo kiko wazi karibu na goti, na siku ya kugongana chuma kile kitaruka kwa mwendo ule ule motokari iliokuwa nao.

Kisanduku kinanifaa hasa siku za benki, kwa sababu benki huingii na silaha. Mwanzoni nilikuwa naegesha mbele ya benki, navua ala, nainama chini ya kiti, nafunga. Fundi mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Na wale vijana wa parking wanaokutazama?" Tangu siku hiyo naifungia kisandukuni nikiwa bado nyumbani, geti likiwa limefungwa, na siku hizo dereva wa depo anakuja pamoja nami, ili nisibebe pesa peke yangu. Ninavua ala yote pamoja na bastola ikiwa ndani yake, mtutu ukielekea kwenye lundo la mchanga wa ujenzi lililo uani. Kuichomoa na kuirudisha mara nyingi ukiwa umekunjika kwenye kiti ndiko kunakofyatua risasi isiyotakiwa. Kisha naichomoa mara moja tu, mtutu ukiwa bado kwenye mchanga: natoa magazini kwanza, yaani kibebeo cha risasi cha ndani ya mpini, ndipo navuta slaidi, chuma cha juu kinachorudi nyuma, natazama chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Ukianza na slaidi huku magazini iko ndani, unaingiza risasi nyingine mwenyewe. Na msiamini kwamba magazini ikitoka bastola imekufa. Hii yangu haifyatui bila magazini, lakini kifaa kile kimekaa kazini miaka mingi mno, na bastola nyingine nyingi hazina kabisa. Risasi iliyobaki kwenye chemba ndiyo inayoua watu majumbani.

Karatasi za silaha sizifungii humo. Ziko kwenye mkoba wangu pamoja na za motokari. Nikisimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, mikono inabaki juu ya usukani, nasalimia, nasema nina silaha ya kibali na mahali ilipo, nasubiri niambiwe la kufanya. Kuanza kuinama chini ya kiti mbele ya mtu mwenye bunduki ni kutafuta msiba. Nikienda Kasumbalesa kuvuka upande wa Zambia, bastola inabaki nyumbani kwenye sefu, haifiki hata kwenye geti.

Sasa kasoro. Fundi alinitandikia ndani sponji nene ya kiti. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi, sponji ilinyonya unyevu, na siku ya nne nikakuta vidoa vya kutu karibu na mtutu. Nimeing'oa. Sasa natumia kipande cha zulia ya motokari ninachokianika juani kila Jumapili, na vifuko vile vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu ya wezi wa usiku, bastola hailali kwenye motokari hata siku moja. Jioni inaingia nyumbani. Kisanduku ni cha saa moja au mbili, si cha kulala.

Rangi nayo imeanza kupasuka kwenye kona, na ukipanda na mzigo mzito kiti cha nyuma, mguu wa abiria unagusa ukingo wa kisanduku. Fundi alikuja kuulainisha kwa tupa bila kuniomba pesa. Kufuli ilitoka dukani na funguo mbili, na hili bado halijanitulia. Wa kwanza uko shingoni mwangu. Wa pili niliuacha kwanza kwenye droo ya depo, mpaka mjukuu wangu wa miaka sita aliponiletea akauliza ni wa nini. Sasa uko ndani ya sefu ya nyumbani, na shemeji yangu wa Likasi, aliyeagiza kisanduku kama hiki kwa Hilux yake, nimemwambia amwombe fundi kufuli ya namba za kuzungusha. Chake kitakuwa tayari Ijumaa.